Mvuvi wa mshipi asimame wapi katika jiji la Dar es Salaam?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wengi wataliona dogo, na pengine la kuchekesha, lakini kwa baadhi yetu tuliohamia Dar es Salaam kutoka mikoa ya ziwani ni swali la kila mwisho wa wiki: mtu anayependa kuvua kwa mshipi na ndoano akiwa amesimama nchi kavu, asiye na chombo wala wavu wala nia ya kuuza, aende akavulie wapi katika jiji hili lililokaa kando ya bahari?

Nilihamishiwa huku kikazi mwaka 2021 nikitokea Mwanza. Nyumbani ni Luchelele, jirani na Nyegezi, mahali ambapo majabali yameingia ziwani kiasi kwamba mtu akikaa juu ya jiwe anakuwa na kina cha kutosha mbele ya miguu yake. Huko kuvua kwa ndoano si mchezo wa matajiri, wala si dalili ya mtu aliyekosa kazi. Mwalimu akitoka darasani, fundi akifunga karakana, mzee mstaafu aliyechoka kusikiliza redio, kila mmoja ana jiwe lake, na ukimkuta mtu amekalia jiwe lako unamsalimia kwanza ndipo umweleze taratibu. Minyoo unaichimba nyuma ya migomba, chelezo cha kuelea juu ya maji unakikata kwenye ndala iliyokatika, na kwa vitu hivyo viwili sato anapatikana. Anayemtaka sangara hutunga furu mzima akiwa hai. Sangara asiyefika sentimita 50 hurudishwa majini, kwa kuwa ndivyo kanuni zinavyotaka, na pale majabalini wapo wazee watakaokusema hadharani ukithubutu kumficha mfukoni. Hatari za ziwa tunazijua pia: mamba, kiboko, kichocho, na upepo unaogeuka ghafla.

Kwa hiyo nilipopokea barua ya uhamisho nilifurahi kwa sababu ambayo sikumwambia mkuu wangu wa kazi, kwamba naenda kuishi baharini. Sikujua kwamba mtu anaweza kuishi Dar es Salaam miaka mitatu bila kuiona bahari isipokuwa kwa makusudi. Kodi ya nyumba ilinipeleka Kimara, na kutoka Kimara hadi majini ni safari ya kilomita kumi na tano na zaidi. Bahati yangu ni kwamba mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yanatoka Kimara na kuishia Kivukoni, hatua chache tu kutoka soko la samaki la Feri. Ufito wangu wa kuvulia ni wa kuunganisha vipande vitatu, na mke wangu huufunga ndani ya kanga iliyochakaa ili usimchome mtu machoni. Hata hivyo abiria huutazama kwa mashaka, na siku moja kijana aliniuliza kwa heshima zote kama natoka kupima viwanja. Kurudi ndiko kugumu zaidi, kwa sababu chambo cha ngisi kilichoshinda juani hakifichiki ndani ya basi lililojaa, na sioni haya kukiri kwamba nimewahi kushuka vituo viwili kabla ya kwangu kwa kuwaonea huruma wenzangu.

Siku yangu ya kwanza baharini niliitumia Coco Beach. Nilifika saa nne asubuhi, kwa mazoea ya ziwani ambako mtu hutazama upepo na jua tu, nikakuta bahari haipo. Palikuwa na miamba mitupu, madimbwi na watoto wanaookota kombe, na maji yenyewe yalikuwa mbali kiasi kwamba risasi yangu ya kuzamishia ndoano, ile nzito kuliko zote, isingeyafikia. Mama aliyekuwa anakaanga mihogo alinitazama na ufito wangu, akaniuliza kwa upole kama nimeangalia mwezi. Sikumwelewa. Usiku uliotangulia ulikuwa wa mwezi mpevu, na kumbe kila mtoto wa pwani anajua kwamba mwezi ukiandama au ukipevuka huja bamvua, maji yanajaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa mnamo saa nne, na kwamba katika mwambao huu tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Kisha kila siku majira hayo husogea mbele kwa karibu saa nzima, hadi yanapofika maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haikupwi sana. Nilikula mihogo ya yule mama, nikarudi Kimara, na tangu siku hiyo nimebandika kalenda ya mwezi mwandamo ukutani karibu na mlango.

Mafunzo mengine yalikuwa na maumivu. Mwezi uliofuata, nikiwa Kivukoni pamoja na watu watano au sita wanaotupa mishipi pale ukutani, nilinasa samaki mweusi mwenye michirizi myeupe inayokwenda kwa urefu wa mwili, ana sharubu, na miiba yake imesimama. Mzee mmoja aliyekaa kushoto kwangu akasema, "Huyo ngogo, mwanangu." Mimi niliyekulia kwenye gogogo, samaki wetu wa ziwani mwenye sharubu na miiba, nikasikia jina linalofanana, nikamshika kama tunavyomshika gogogo, kidole gumba nyuma ya mwiba. Mzee hakuwahi kumaliza neno "usi". Mwiba wa ubavuni uliniingia chini ya kidole, na ndani ya dakika chache maumivu yalikuwa yamefika begani, ya aina ambayo sijawahi kuipata hata nilipovunjika mkono utotoni. Miiba ya ngogo wa baharini ina sumu. Yule mzee akanishika mkono mzima kama mtoto, akanipeleka kwa mama lishe aliyekuwa jirani, akaomba bakuli la maji ya moto, na nikatumbukiza kiganja katika maji ya moto kadiri nilivyoweza kuvumilia, kwa sababu joto huivunja nguvu sumu ya namna hiyo. Baada ya nusu saa nikaweza kuzungumza. Ndipo aliponiambia pia habari ya bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, kwamba sumu yake haiishi hata ukimchemsha. Na mimi hadi siku hiyo nilidhani Bunju ni mtaa tu ulioko baada ya Boko.

Ninasimulia haya kwa sababu ndiyo kiini cha hoja yangu. Elimu yote niliyoipata juu ya bahari hii, ya bamvua na maji mafu, ya pepo za kaskazi na kusi, ya kutambua tasi na changu mchanga, ya kutunga kamba ili mkia wake ukae kama alivyo hai, niliipata kwa wazee na vijana waliosimama mahali pamoja wakivua, tena bila malipo. Mahali pa namna hiyo pakitoweka, mgeni anayehamia mjini hatakuwa na wa kumwambia asimshike ngogo. Na mahali hapo panatoweka.

Nitataja niliyoyaona mwenyewe bila kuwataja wahusika, kwani sikukusudia kumshitaki mtu. Upande wa kaskazini wa jiji, kulikuwa na kichochoro kati ya kuta mbili kilichotushusha hadi kwenye mwamba mzuri sana wa kutupia mshipi wakati maji yanapojaa. Mwaka juzi kikawekwa geti, na nyuma ya geti kuna mlinzi mwenye adabu ambaye kila mara hunijibu kwamba huku ni kwa wageni wa hoteli. Nilimwambia mimi pia ni mgeni, nimetoka Mwanza. Tukacheka wote wawili, lakini geti halikufunguliwa. Mahali pengine ufukwe uko wazi, ila kupitia kwake ni lazima ulipe kiingilio na kununua kinywaji, na ukishafungua ufito unaambiwa unawatisha wanaoogelea, jambo ambalo kwa kweli lina haki yake. Pale Kivukoni kwenyewe tunavua kwa kuvizia: juma moja tunaachwa, juma linalofuata anakuja mtu mwenye filimbi na kutuondoa, na hakuna bango hata moja linalosema mwisho wa ruhusa ni wapi. Ninafahamu kwamba jirani pana bandari, pana vivuko na pana Ikulu, na kwamba maeneo kama hayo hayawezi kuwa ya kila mtu. Mtu akinichorea mstari leo sitauvuka kesho. Shida yangu ni mstari unaohama.

Vilevile sitaki nidhaniwe kuwa naomba kuvua kila mahali. Nilipokwenda Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi, nikiwa na ufito begani kwa ujinga wa ugeni, nilielezwa kwamba visiwa vile, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975 na uvuvi hauruhusiwi. Niliuweka ufito chini, nikaogelea, nikala changu wa kuchoma, nikarudi nyumbani nimeridhika. Samaki wanahitaji mahali pa kuzaana bila kusumbuliwa, na sisi tuliotoka ziwani, tuliowasikia wazazi wetu wakihesabu aina za furu ambazo siku hizi hazionekani tena, hatuhitaji kuhubiriwa hilo.

Kuhusu kibali, nimejaribu kuwa raia mwema. Nilikwenda kuuliza katika ofisi moja ya umma kama mtu mwenye ufito mmoja, anayevua Jumamosi kwa kujiburudisha na kula nyumbani, anatakiwa awe na leseni ya aina gani. Wa kwanza akasema sihitaji chochote. Wa pili akaniuliza namba ya usajili wa chombo changu, na nilipomwambia chombo changu ni miguu yangu akanielekeza dirisha la tatu. Wa tatu akanipa fomu ya wavuvi wa kibiashara, akanishauri niijaze tu na sehemu zisizonihusu niweke alama ya mkwaju. Sikuijaza, kwa sababu kuweka mkwaju kwenye karibu kila mstari wa fomu ya serikali na kisha kutia sahihi chini yake ni jambo ambalo mimi, mtu wa mahesabu, siliwezi. Afrika Kusini, ambako uvuvi wa ufukweni ni mapenzi ya watu wengi sana, kibali cha kuvua kwa burudani kimekuwa kikiuzwa posta, mtu anaingia kama anayekwenda kununua stempu na kutoka akiwa halali. Sisi tunalipia maji, umeme na faini za barabarani kwa simu ya mkononi. Kibali cha mwaka cha mvuvi wa mshipi nacho kingeweza kulipiwa hivyo hivyo, kwa ada ndogo, na pamoja nacho ukatumwa ujumbe mfupi unaotaja maeneo yanayoruhusiwa, yaliyokatazwa, na samaki wa kuwarudisha majini. Serikali ingepata mapato na sisi tungepata amani.

Nimekutana na hoja tatu za wanaopinga, na moja kati yake ni nzito. Iliyo nyepesi ni kwamba tutamaliza samaki: mwenye ndoano moja, anayeshinda kutwa na kurudi na tasi wanne na kibua mmoja, halingani kwa vyovyote na juya linalokokota hata wadogo wasiotimiza kipimo. Ya pili ni ya usalama, kwamba mtu ataanguka au atachukuliwa na mawimbi, na jibu lake ni kwamba ajali hutokea zaidi watu wanapovizia kwenye miamba ya kujificha kuliko wanapokuwa mahali panapojulikana, penye ngazi na penye watu. Iliyo nzito ni ya uchafu. Ni kweli, tunatupa nailoni. Nimeokota mwenyewe vipande vya mshipi vilivyosokotana kama nywele, na ndoano ndani yake, pale pale watoto wanapopita pekupeku, na nimewaona wenzangu wakikata uzi ulionasa na kuuacha uende zake. Nailoni haiozi leo wala kesho, na kobe wa baharini hawezi kutofautisha. Nisingependa jiji litupe mahali kabla hatujakubali kwamba atakayeacha uzi wake chini anyang'anywe kibali, tena na wavuvi wenzake ndio wawe wa kwanza kumtaja.

Basi ninachoomba ni kidogo. Ukuta wa bahari uliojengwa upya kando ya Barabara ya Barack Obama una njia nzuri ya miguu, na jioni watu hupita pale kwa mazoezi na kupunga upepo. Kipande kimoja cha ukuta huo, mahali ambapo njia ni pana, kingetengwa kwa ajili ya mishipi, kikawekewa bango, pipa la uzi mbovu na ndoano zilizochakaa, na saa zinazoeleweka. Sizungumzii madaraja. Najua Istanbul watu hujipanga bega kwa bega kwenye Daraja la Galata wakivua huku magari yakipita nyuma yao, nami nimetazama picha hizo kwa wivu, lakini sioni namna ya kuzungusha ufito juu ya Daraja la Tanzanite bila kumnasa mwendesha bodaboda sikio. Wala sitamani kuvua chini ya daraja la zamani la Salenda, ambako mto Msimbazi humwaga kila kitu ambacho jiji limekitupa; samaki wapo, mimi siwali.

Ombi la pili linahusu vichochoro. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Mimi si mwanasheria, na ninatambua kwamba kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya kulinda mazingira na si kwa ajili yangu na ngisi wangu. Hata hivyo, anayeweza kuweka geti na bustani hadi maji yanapogusa ukuta wake amefika hapo kwa namna fulani, na ingekuwa vyema mamlaka zinazohusika na mipango miji zikatembea kwa miguu kutoka Msasani hadi Kunduchi, zikihesabu njia za umma zinazofika majini, kisha zikatangaza idadi hiyo magazetini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao, kama mimi, hawakuzaliwa na kiwanja ufukweni.

Huwa naulizwa na wenzangu kazini kwa nini nisinunue samaki Feri nikamaliza habari, maana pale wapo wa kila aina, na kwa bei ambayo hainifidii hata nauli na chambo. Nimeshindwa kuwajibu kwa hesabu. Naweza kusema tu kwamba katika mwaka wangu wa kwanza hapa sikumjua jirani yangu hata mmoja kwa jina, na watu wa kwanza kunipigia simu nilipougua homa walikuwa yule mzee wa Kivukoni na kijana mmoja fundi viatu ambaye hutupa mshipi upande wa kulia kwangu.

Bamvua lijalo linaangukia Jumamosi, na maji yatakuwa yamejaa mnamo saa kumi jioni. Panapo majaliwa nitakuwa pale ukutani pamoja na mzee, fundi viatu na wengine, tukiwa na kamba wabichi na uzi mpya. Iwapo kuna ofisa mwenye dhamana ambaye atasoma barua hii na kutaka kutuonyesha mstari unapopita, tafadhali aje wakati huo, na kama ana ufito wake aje nao.

Wako,
Mvuvi wa mshipi,
Kimara, Dar es Salaam